Pingamizi la Bwana Harusi

"Tumsifu Yesu Kristo, Mzee Fanuel."

"Milele amina. Bwana harusi! Kaa. Kama ni habari ya kwaya, wamekubali. Kama ni habari ya maua, mimi sihusiki."

"Nimekuja kuweka pingamizi la ndoa."

Katekista Fanuel alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Katika miaka ishirini na miwili ya kukaa nyuma ya meza ile ya parokia pale Lemara alikuwa amepokea pingamizi moja tu, la mzee aliyepinga ndoa kwa sababu bwana harusi alikuwa hajamrudishia jeki ya gari. Akafungua droo kwa heshima zote, akatoa fomu, akaipuliza vumbi.

"Ndoa ya nani na nani?"

"Ludovick Shirima na Evelyn Massawe."

Mzee akaandika "Ludo", kalamu ikasimama.

"Ludovick Shirima yupi?"

"Mimi."

"Wewe unaipinga ndoa yako mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, kumwacha mtu hakuna fomu. Unamwambia tu."

"Sitaki kumwacha. Nataka Kanisa liseme."

Ndugu msomaji, usicheke bado. Ndoa ya Kikatoliki hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Padri husoma majina, kisha husema: mwenye kujua kizuizi chochote na aseme. Waumini wengi huitumia dakika hiyo kukohoa na kutafuta funguo. Jumapili iliyopita lilikuwa tangazo la pili. Sasa ilikuwa Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, na aliyekuja na kizuizi ndiye aliyekwisha kupimwa suti.

Naye hakuwa mtu wa mchezo. Ludovick, miaka thelathini na mbili, alikuwa mwenyekiti wa Watetezi wa Uhai, kikundi cha parokia kinachopinga utoaji mimba. Alikuwa amezunguka shule nyingi za Arusha na kipaza sauti cha mkononi. Akisema "uhai", popo walihama mitini.

"Sababu ya pingamizi?" Mzee Fanuel aliuliza.

"Bibi harusi alitoa mimba. Zamani, kabla hatujajuana."

Kalamu iliandika herufi tatu, ikakataa kuendelea. Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Padri Aristides, paroko, akiwa na buti za mpira kwa sababu alikuwa anaelekea kwenye banda la nguruwe. Alikuwa amesikia.

"Mzee Fanuel, nipe hiyo karatasi."

Akaichana mara nne, vipande akavitia mfukoni.

"Ludovick. Ingia ndani."

Mlango ulipofungwa, padri hakuketi.

"Nani amekwambia habari hiyo?"

"Yeye mwenyewe, Baba. Jana jioni."

"Alikwambia wewe. Wewe umemwambia Fanuel kabla hata sijanywa chai."

"Baba, mimi ndiye ninayesimama mbele ya watu. Nimesema mara ngapi kwamba anayetoa mimba ni muuaji? Leo nimpeleke madhabahuni nikamvishe pete?"

"Ni dhambi?"

"Dhambi kubwa."

"Kubwa. Kanisa halijalegeza neno hapo, na mimi silegezi. Yule alikuwa mtoto. Sasa nijibu kama mwenyekiti. Kizuizi cha ndoa ni nini?"

"Kuwa na mwenzi aliye hai. Undugu wa damu. Kulazimishwa. Nadhiri za utawa."

"Dhambi imo?"

Ludovick akatazama buti.

"Haimo."

"Ingekuwamo ningebaki kufungisha ndoa za malaika, na malaika hawaoi."

"Baba, kwani aliungama?"

"Hilo hata Baba Askofu hawezi kuniuliza. Usilirudie." Sauti ya padri ilikuwa imeshuka sana. "Nenda ukamwambie ulichofanya hapa. Leo hii, kabla hajasikia kwa mwingine. Kama mtaoana, mtajua wenyewe. Lakini usilitume Kanisa likufanyie kazi ambayo moyo wako umeiogopa."

*

Ilikuwa hivi. Jumapili ile, baada ya misa, Ludovick aliazima gari, wakaenda Momela kuangalia ziwa. Flamingo walikuwa wamesimama kwa mguu mmoja, maelfu, kama shule nzima iliyopewa adhabu. Wapenzi walikuwa wamekula ndizi na nyama, na Evelyn alikuwa amecheka siku nzima, mpaka alipoacha.

"Ludo, kuna kitu lazima ukijue kabla tangazo la tatu halijasomwa. Ukitaka kuondoka, uondoke njia ikiwa bado ipo."

"Usiniambie una mtoto," Ludovick alitania.

"Nilikuwa naye."

Akaacha kutania.

"Nilikuwa kidato cha sita. Aliyenipa mimba alihamia Mwanza, na namba yake ikahama naye. Nilitoa, Ludo. Kila mwezi wa tisa nahesabu umri wake. Sasa hivi angekuwa darasa la pili."

Ludovick hakutukana wala hakulia. Aliinuka, akafunga vyombo, akaendesha gari kutoka Momela hadi Lemara bila neno. Alipomshusha mlangoni kwao alimwambia "usiku mwema". Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua linawaka.

*

Jumatatu hiyo, akitoka kwa padri, alisimama chini ya mnara wa kengele, akatoa simu, akamwandikia Evelyn.

"Uko dukani?"

"Umepata sauti?"

"Natoka ofisi ya parokia."

"Kufanya nini?"

"Kuweka pingamizi."

"La nani?"

"Letu."

Alama mbili zikageuka bluu. Jibu halikuja.

Evelyn alikuwa na duka la kushona sare za shule mtaa wa Kwa Mrombo, yeye na mwenzake Twahira, mwanamke mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Ludovick alipofika alikuta cherehani zote mbili zimenyamaza.

"Karibu, Bwana Pingamizi," Twahira alisema. "Viti ni vya wateja. Wewe simama."

"Twahira, naomba utupishe."

"Nipishe niende wapi? Mimi haya nayajua tangu mwenzangu akililia kwenye kitambaa cha sare, tukakiuza kimelowa. Wewe umeyajua jana na umeshayafikisha ofisini."

"Mwache, Twahira," Evelyn alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye kola aliyokuwa anaifumua. "Ludo, nani mwingine amesikia?"

"Padri. Na Mzee Fanuel. Karatasi imechanwa."

"Miaka minane nimelibeba, sijamwambia hata mama. Wewe limekaa kwako usiku mmoja."

"Eve, nimekosa. Nilichanganyikiwa. Sikujua niende wapi."

"Hata mimi sikujua niende wapi."

Aliweka mkasi mezani taratibu.

"Wanafunzi wa bweni wakitembelewa na mgeni wa semina, maswali huandikwa kwenye vikaratasi. Unakunja, unatia kwenye boksi, jina huandiki. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ndivyo tunavyofanya mpaka leo."

"Na ile hadithi yako ya msichana wa kikaratasi, unaikumbuka? Unayoisimulia kila semina watu wacheke."

Ludovick aliikumbuka, kwa sababu aliipenda. Shule moja ya wasichana, ukumbi umejaa, amefungua kikaratasi, akasoma kwa kipaza sauti: *Kama mtu tayari anayo, ninyi mnamsaidiaje?* Naye akauliza: "Huyu anauliza kwa niaba ya rafiki, sivyo? Rafiki asimame tumwone!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kisha akasema: "Sisi tunatetea watoto. Waliojitafutia wana wazazi wao." Akakikunja kikaratasi, akasoma kinachofuata, kilichouliza kama ni dhambi kusuka rasta.

"Eve," alisema.

"Nilikuwa mstari wa tatu. Nilicheka na wenzangu. Ningeacha kucheka wangejua. Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi nikaomba ruhusa ya kwenda hospitali kutibiwa jino."

Nje mtu alikuwa ananadi nyanya. Twahira alijifanya anatafuta uzi.

"Ningejua ni wewe..."

"Ndiyo maana hakikuwa na jina. Ulitakiwa kujibu bila kujua ni nani."

Ludovick alikaa chini. Si kwenye kiti. Alikaa kwenye marobota ya kitambaa, na safari hii hata Twahira hakumkemea.

"Kwa nini ulinikubali, basi? Miaka miwili, Eve. Ulijua ni mimi?"

"Sauti yako nani ataisahau? Nilijiunga na kikundi chenu nikuchukie kwa karibu. Halafu mama wa wale mapacha wa jumuiya yetu akalazwa, nikakukuta nyuma ya nyumba yake unafua nepi, unapiga mluzi, hakuna mtu anayekuona. Nikasema huyu mtu ana mikono mizuri, mdomo wake tu ndio haujakutana na mikono yake."

"Nisamehe."

"Ngoja nikwambie kitu usije ukajifunga jiwe lisilo lako. Sikutoa kwa sababu yako. Nilikwenda kwa miguu yangu, na hilo nimelijibu na nitalijibu mimi mbele ya Mungu. Lakini swali nilikuuliza wewe. Mpaka leo hujalijibu."

"Nitajibu sasa hivi."

"Hapa? Kwangu na kwa Twahira?" Evelyn alitikisa kichwa. "Ulinijibu kwa kipaza sauti. Nijibu kwa kipaza sauti. Jumapili, kabla tangazo la tatu halijasomwa. Usipojibu, padri akiuliza kama kuna kizuizi nitasimama mimi. Nami sitahitaji fomu."

"Na nikijibu vibaya?"

"Nitasimama."

Twahira alikata uzi kwa meno.

"Mimi ni Mwislamu," alisema, "lakini Jumapili hiyo nakuja kanisani."

*

Jumamosi Ludovick aliwaita wanachama kwenye chumba cha kikundi, nyuma ya ofisi ya parokia. Kilijaa mabango hadi darini: mabango ya maandamano ya kila mwaka, yenye picha za vichanga na maandishi mekundu. Makamu wake, Mama Anande, alikuja na daftari akidhani wanapanga maandamano.

"Mama, tunatoa mabango yote nje. Tunaingiza kitanda."

"Kitanda cha nani?"

"Cha msichana atakayefukuzwa nyumbani kwa sababu ya mimba."

"Yupi huyo?"

"Simjui bado."

Mama Anande aliweka daftari chini ya kwapa.

"Ludovick, mwanangu, mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii. Tukifungua danguro la huruma hapa, kesho kila binti ataona mimba ni kitu cha kawaida. Watasema watetezi wa uhai wamebariki uzinzi."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kwa nini unaniamkia mara ya pili?"

"Kwa sababu nataka kukuuliza kitu kigumu. Katika miaka kumi na tisa, ni wasichana wangapi waliwahi kuja kwetu kabla hawajakwenda huko?"

Mama Anande alifikiri. Alikuwa mkali, ila hakuwa mwongo.

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Walikuwa wanakuja baadaye. Kulia."

"Sheria ya Mungu hatuibadilishi hata nukta. Ila tumeisimamia sisi tukiwa barabarani, na wao wako jikoni, chooni, bwenini, wanaogopa. Tukiendelea hivi, miaka kumi ijayo kikundi hiki kitabaki na wewe, mimi, na mabango."

Mama Anande alitazama mabango, kisha anga kupitia mlangoni, ambako wingu la Meru lilikuwa linashuka.

"Yatanyeshewa," alisema.

"Yanyeshewe, Mama."

Alisita. Kisha akakunja mikono ya gauni, akashika upande mmoja wa bango kubwa kuliko yote. Mzee Fanuel, aliyekuwa akichungulia kwa sababu zake za kiofisi, akashika upande wa pili.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Evelyn alikaa benchi la tano, kando ya njia, mahali ambapo mtu anaweza kusimama bila kumkanyaga jirani. Pembeni yake alikaa Twahira na mtandio wake, akifuata misa kwa kuchelewa: wengine wakisimama anakaa, wakikaa anasimama. Mzee Fanuel alikuwa kwenye kiti chake karibu na madhabahu, amemkazia macho Evelyn kama mlinzi wa benki.

Muda wa matangazo Padri Aristides alisema: "Watetezi wa Uhai wana neno."

Ludovick alipanda. Watu wakajiandaa kuziba masikio. Lakini alisogea karibu na kipaza sauti, akaongea kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Ndugu zangu, mwaka huu hatuna tangazo la maandamano. Nina deni la jibu. Miaka minane iliyopita, kwenye shule moja, msichana aliniuliza: kama mtu tayari anayo, mnamsaidiaje? Sikumjua. Nilimfanyia mzaha mbele ya wenzake. Mzaha huo nimeurudia hapa hapa, na ninyi mmecheka. Sikuwalazimisha, lakini mimi ndiye niliyeanza."

Hakuna aliyekohoa. Hakuna aliyetafuta funguo.

"Niliwafundisha watoto wenu kwamba tunda la tumbo ni zawadi ya Mungu. Ni kweli, na nitaendelea kulisema hilo mpaka nife. Lakini yule aliyelibeba nilimwacha mlangoni. Dada yangu, popote ulipo, jibu langu ni hili. Tunakusaidia kwa kukufungulia. Kipo chumba nyuma ya ofisi, kina kitanda. Hatutakuuliza baba ni nani kabla hujapumzika. Hatutataja jina lako kanisani wala kwenye jumuiya. Wazazi wako wakikasirika, mimi nitakwenda kuwaamkia, wanitukane mimi kwanza. Na kama ulishatoa, njoo pia. Padri yupo, na Mungu hajahama. Mimi nilichelewa kukwambia. Naomba unisamehe."

Akataja namba yake ya simu. Akairudia. Akashuka, akakosea ngazi ya mwisho, nusura aanguke, na hakuna aliyecheka.

Padri Aristides alifungua karatasi.

"Tangazo la tatu na la mwisho. Ludovick Shirima wa jumuiya ya Mtakatifu Yosefu anakusudia kufunga ndoa na Evelyn Massawe wa jumuiya ya Mtakatifu Monika. Mwenye kujua kizuizi chochote na aseme."

Evelyn alisogeza mguu kwenye njia.

Mzee Fanuel alisimama nusu. Ludovick, kwenye benchi la kwanza, hakugeuka. Alikuwa ameshika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

Evelyn alikuwa anavuta mkoba wake uliokuwa umeteleza sakafuni. Akaupakata. Akatoa leso, akajifuta macho yote mawili, polepole, kama mtu ambaye hana haraka tena. Akabaki ameketi.

"Amina," Twahira alisema kwa sauti kubwa, mahali ambapo hapakuwa na amina, na kanisa zima likamjibu.

*

Jumanne walikuwa kwa fundi, Ludovick anajaribu suti. Fundi amejaza pini mdomoni. Suruali ilikuwa ndefu, koti lilibana, na Evelyn alikuwa anamwambia mchumba wake kwamba amenenepa kwa majuto, simu ilipoita. Namba ngeni.

"Haloo?"

Upande wa pili palikuwa na kelele za stendi, na pumzi.

"Shikamoo, kaka. Samahani. Shangazi yangu alikuwa kanisani Jumapili... aliwatajia watu namba. Mimi sisali huko kwenu."

"Marahaba. Haidhuru. Nakusikiliza."

"Nilikuwa nauliza tu. Si mimi. Ni rafiki yangu."

Ludovick alifungua mdomo. Maneno yote ya miaka kumi ya vipaza sauti yalimkimbia, halikubaki hata moja. Alimtazama Evelyn, machozi yamemjaa, akamnyooshea simu.

Evelyn aliipokea. Akageukia dirishani, akaziba sikio la pili kwa kidole ili asikie vizuri.

"Haloo, mdogo wangu. Naitwa Evelyn. Huyo rafiki yako, leo amekula?"

Kikasikika kilio kidogo, kile cha mtu aliyekizuia tangu asubuhi.

"Hajala," sauti ilisema. "Tangu jana."

"Basi asiende popote. Akae hapo hapo palipo na watu. Aniambie amevaa nguo gani. Tunakuja."

Ludovick alikuwa ameshafika mlangoni, na pini zote za fundi zikiwa bado mgongoni mwake.